Mama Muhuri na Mfupa wa Moyo

Jina la Mama Muhuri hakupewa na wazazi wake, alipewa na wachinjaji. Miaka ile alipokuwa mkaguzi wa nyama, kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa machinjio, pale nyama inapofika ikining'inia kwenye ndoano. Hapo alipapasa, akanusa, akakata panapotakiwa kukatwa, na akiridhika aligonga muhuri wa wino wa zambarau ubavuni. Bila muhuri wake hakuna nyama iliyotoka mlangoni. Wachinjaji ni watu wa utani tangu asubuhi, basi wakawa wanaambiana, "Mpeleke kwa Mama Muhuri huyo, akimpenda atamgonga." Jina likamganda kama wino wenyewe, ambao ukishaingia kwenye kucha hauogopi sabuni wala chumvi.

Alikuwa na mkono mwepesi. Moyo wa ng'ombe, kwa mfano, mkaguzi haupitishi hivi hivi. Anaushika kwa kushoto, anapitisha kisu kuanzia kwenye ncha kwenda juu, anaufungua kama mtu anayefungua kitabu, anatafuta vijilengelenge vya tegu. Mama Muhuri alikuwa anafanya hivyo huku akiongea na mtu wa nyuma yake. Moyo wa mbuzi haukumpa kazi kiasi hicho. Huo aliubonyeza kwa vidole tu, akauacha mzima.

Kilichomtoa machinjioni hakikuwa ugomvi wala kufukuzwa. Ilikuwa hamu. Kwa miaka yote aliyosimama pale, aliziuliza nyama swali moja tu: inalika au hailiki? Alikuwa anaona ndani ya wanyama kila siku ya Mungu, maini ya kila rangi, mapafu, figo za ng'ombe zilizojigawa mafungu kama zabibu na figo za mbuzi laini kama harage, na hakuna aliyemtaka aulize kwa nini. Akiuliza, msimamizi wa machinjio anamjibu, "Mama, foleni." Foleni ikasogea, miaka nayo ikasogea. Mwisho akaomba nafasi ya kusoma shahada ya pili chuo cha mifugo, upande wa anatomia, na siku alipopata jibu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya machinjio akalia kidogo, halafu akanawa uso akarudi kugonga.

Alilia kwa furaha, na alilia kwa sababu ya mtoto.

Alikuwa na binti mmoja, mdogo, ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Baba yake mtoto alishajijengea maisha mengine na hana nafasi katika habari hii. Chuo kilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima na kubadilisha basi, na chumba alichopangishiwa Mama Muhuri kilitosha kitanda, meza na mtu mmoja aliyejikunja. Mtoto akabaki kwa dada yake mkubwa, ambaye mtoto humwita mama mkubwa kama inavyostahili. Wakati wa kufunga mizigo Mama Muhuri aliiba sweta la mtoto. Aliliiba hasa, akalisokomeza chini ya vitabu, wala hakumwambia mtu. Sasa lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, dogo, jekundu, limetoka uzi kwenye kiwiko. Jioni akirudi alikuwa analishika kiwiko kabla ya kuwasha taa.

Jengo la anatomia lilikuwa chumba kirefu chenye meza za chuma, kila meza na tundu la kupitishia maji. Harufu ya fomalini, ile dawa ya kuzuia viungo visioze, ilikuwa inakupokea mlangoni na kukuchoma macho kabla hujasalimia. Kwenye kona ilisimama mifupa ya punda iliyoungwa kwa waya, ubavu mmoja wa mti kwa sababu wa kwake ulipotea. Aliyeuchonga ule ubavu ni fundi wa maabara, mzee wa buti za mpira, ambaye kila ukimuuliza hiki kiwekwe wapi anajibu, "Tia kwenye ndoo." Wakamwita Ndoo. Na mwanafunzi mwenzake Mama Muhuri aliyekaa naye meza moja alikuwa kijana mchangamfu anayepima pembe za kondoo, basi huyo akaitwa Pembe. Humo ndani kila mtu alikuwa na jina la kazi yake, na lile la Mama Muhuri lilijulikana siku ya kwanza alipovaa koti lake jeupe lenye doa la zambarau.

Kila mmoja alikuwa na swali lake la utafiti isipokuwa yeye.

Hapo ndipo penye habari. Shahada ile hukupewa kwa kukaa darasani. Ulitakiwa uchague swali moja, jopo la walimu likae mwisho wa muhula likusikilize, wakikubali unaanza utafiti. Asiye na swali siku ya jopo, nafasi yake inapewa aliyeko nje anayesubiri. Na waliokuwa nje wakisubiri hawakuwa haba.

Msimamizi wake alikuwa profesa mmoja mkimya, miwani imefungwa kamba shingoni, anayemwita kila mwanamke mama na kila mwanamume bwana. Mara ya kwanza Mama Muhuri alimpelekea karatasi imeandikwa vizuri sana.

"Soma," Profesa akasema.

Akasoma, "Kulinganisha moyo wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo, wa nguruwe na wa punda."

"Hilo ndilo swali?"

"Ndilo, Profesa."

"Hilo ni soko, mama. Umepanga bidhaa zote mezani, ila hujaniambia umekuja kununua nini."

Akarudi nalo. Wiki iliyofuata akaja na lingine: kwa nini moyo wa ng'ombe ni mkubwa kuliko wa mbuzi?

Profesa alivaa miwani, akamtazama, akavua. "Kwa sababu ng'ombe ni mkubwa kuliko mbuzi."

Pembe, aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Muhuri naye ilibidi acheke, ingawa masikio yalikuwa yanamwaka moto. La tatu lilikuwa zuri, la unene wa kuta za moyo. Profesa alinyoosha mkono kwenye rafu akatoa kitabu chenye jalada lililobanduka, akakifungua ukurasa, akamgeuzia. Lilikwisha kujibiwa kabla yeye hajazaliwa.

"Usikasirike, mama," Profesa akamwambia. "Nataka swali ambalo jibu lake wewe hulijui, mimi silijui, na tukikaa humu ndani tukalitafuta kwa mikono yetu tunaweza kulipata. Tena liwe dogo. Liingie kwenye beseni."

"Na nikilikosa?"

Profesa alifikiri kidogo, halafu akampeleka stoo. Kulikuwa na masanduku ya mataya ya mbuzi, yameshachemshwa, yameshakaushwa, yameandikwa namba. Mwanafunzi aliyeyaandaa aliacha chuo akaenda kuoa. "Haya yako tayari," Profesa akasema. "Pima urefu, pima upana, linganisha madume na majike. Si swali la kukunyima usingizi, lakini ni swali. Muhula ujao ukiisha, nawe umemaliza. Unarudi kwa mtoto wako."

Alilisema hilo la mwisho kwa upole, na ndilo lililoumiza. Usiku na mchana Mama Muhuri hakuwa na kitu anachokitaka kama hicho. Muhula ujao ukiisha! Mtoto angekuwa bado hajamaliza darasa la kwanza. Sweta huenda lingemwingia bado, kwa kulazimisha. Akasema atafikiri, akarudi mezani kwake, akakaa mbele ya beseni tupu.

"Chukua mataya, Mama Muhuri," Pembe akamnong'oneza. "Mimi pembe nilipewa hivyo hivyo. Unadhani mimi nilizaliwa nazipenda pembe?"

"Sasa unazipenda?"

Pembe akageuza geuza ile aliyoishika. "Tunaheshimiana," akasema.

Asubuhi moja, kabla hajatoka chumbani, simu ikalia. Alikuwa dada yake, sauti ya haraka haraka ya mtu anayesuka nywele za mtoto huku ameibana simu begani.

"Mdogo wangu, ongea na huyu mtu wako, amekataa kutulia. Nimemwambia akitulia anakupata."

"Mama! Shikamoo, mama. Siku hizi sisi tunasoma silabi."

Mama Muhuri alisimama katikati ya chumba. Kulikuwa na kitu kwenye ile sauti. Kila palipokuwa na herufi fulani, kifilimbi chembamba kilikuwa kinapita, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo anapiga filimbi?"

"Hakuna mtu."

"Mbona nasikia?"

Mtoto akacheka, na filimbi ikacheka naye. Dada akaichukua simu. "Si jino lake hilo! La mbele, la juu. Limeng'oka, sasa anatapakaza mate nyumba nzima, anajiona mkubwa huyo, anataka chai bila kupoozewa."

"Limeng'oka? Lini?"

"Juzi. Au ile siku ya nyuma yake, mimi najua? Nilikuwa nafua, akaja nalo mkononi. Nimekuwekea, nimelifunga kwenye kitambaa."

"Hukuniambia kama linacheza."

"Mdogo wangu, nikikuambia kila kinachocheza humu ndani utapata muda wa kusoma? Haya, atachelewa shule. Tulia wewe! Simu imekwisha, mama yako kaenda."

Simu ikakatika. Mama Muhuri alibaki amelikamata sweta kiwiko. Jino lile aliliona likiota, mtoto bado hajui kutembea. Alikuwa amelala naye kifuani akaona weupe kwenye ufizi, kama punje ya mchele, akaita nyumba nzima ije itazame. Sasa limekwenda zake, na yeye hakuwepo hata kulitingisha.

Alifika maabara akiwa na uzito huo. Siku hiyo Profesa alikuwa amempangia asubuhi ya kutazama. Hii ilikuwa desturi ya pale, na kila mwanafunzi alipitia. Unawekewa kiungo kimoja mezani, kisu unakiona kiko pembeni, lakini mikono yako unaifunga nyuma. Unatazama mpaka Profesa arudi. Usiguse, usikate, usiandike majibu. Maswali tu. Wengi walikuwa wanaona ni kupotezeana wakati, na Pembe husema yeye asubuhi yake alilala akiwa amesimama, kama punda wa pale konani.

Ndoo alimletea moyo wa ng'ombe kwenye trei, ameubeba kama yai. "Huu ni mzima," akamwambia. "Unaelewa maana ya mzima? Mioyo yote inayotoka machinjioni imepasuliwa, hao wakaguzi wenzako hawaachi kitu. Nimewabembeleza watu wiki nzima mpaka nimeupata ambao haujaguswa. Nisikie umeutazama vizuri."

"Nimekusikia, mzee wangu."

Ndoo akaenda kuosha mabeseni. Mama Muhuri akafunga mikono nyuma, akatazama. Mafuta ya manjano kuzunguka juu, mishipa inayoteremka kama mito kwenye ramani, ule mshipa mkuu unaotoka pale kileleni ukiwa na mdomo mpana mweupe. Alitazama kweli. Lakini baada ya muda macho yalibaki pale pale na mawazo yakaenda kwa dada yake, kwenye kile kitambaa, kwenye kale kajino. Lini? Juzi, au nyuma yake? Dada yake anaishi naye nyumba moja, anakula naye sahani moja, na hajui lini. Nani basi anajua lini kitu kinaanza kutoka na lini kinaanza kuja?

Ikasikika sauti. Krrr.

Sauti ndogo, ya kisu kukwaruza kitu kigumu. Mama Muhuri akashtuka, akatazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika moyo. Wa kulia ulikuwa na kisu. Moyo ulikuwa wazi kutoka ncha mpaka juu, umefunguka kurasa mbili, safi kabisa, mkato ambao machinjioni wangeusifia.

"Mama Muhuri!" Ndoo aliangusha beseni, likazunguka sakafuni likipiga kelele. "Mama Muhuri, umefanya nini?"

"Mzee wangu, wallahi sikuutuma huu mkono."

"Wiki nzima! Wiki nzima nimewabembeleza watu!" Mzee alishika kichwa kwa glovu zake zenye sabuni. "Sasa si ungetafuta na muhuri uugonge kabisa!"

Pembe alikuwa ameinama nyuma ya meza, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mama Muhuri hakucheka wala hakulia. Alitamani lile tundu la maji mezani lingekuwa kubwa limpitishe. Aliusogeza moyo polepole, kama mtu anayeweza bado kuufunga urudi ulivyokuwa, na hapo akaona palipokwaruza. Juu kabisa, chini ya mdomo wa mshipa mkuu, palitokeza kitu cheupe kilichopinda, kirefu kama kiungo cha kidole. Akakigusa kwa ncha ya kisu. Krrr.

Mfupa.

Alikwisha kuusoma, ni mistari michache kitabuni: moyo wa ng'ombe una mfupa ndani yake, unashikilia pale vali, vile vimilango vya damu, zinapoegemea. Aliisoma akapita, kama unavyopita jina la mtaa ambao hukai. Lakini hiyo sauti aliijua tangu zamani. Machinjioni, kisu kikipanda zaidi ya kawaida, kilikuwa kinakwaruza hivyo hivyo, na walikuwa wanasema kisu kimeisha makali, wanampa kingine. Miaka yote ile alikuwa anabisha hodi kwenye huo mfupa na kuondoka kabla hajafunguliwa.

Profesa aliporudi, Ndoo alikuwa ameshamweleza tangu kizingitini. Profesa aliinamia trei, akaufuata mkato kwa macho kuanzia ncha mpaka juu. "Hii ni asubuhi ya kutazama," hatimaye akasema.

"Naomba radhi, Profesa. Mkono umezoea."

"Naona." Akavaa miwani. "Na ulipokuwa unatazama, kabla mkono haujazoea, uliuliza nini?"

Mama Muhuri akaweka kisu chini. Hakutaka kusema jino la mtoto, lakini ndilo lililokuwa mdomoni, na alichokisema kilitoka papo hapo nyuma yake. "Huu mfupa, Profesa. Ndama anazaliwa nao?"

"Hapana. Kwa ndama ni gegedu, laini kama la sikio. Unakuja kuwa mfupa baadaye, na kwa ng'ombe hayo yameandikwa."

"Na mbuzi?"

Profesa akavua miwani.

"Maana mioyo ya mbuzi sisi hatukuwa tunaipasua," Mama Muhuri akaendelea, sasa maneno yakimtoka kuliko kawaida yake. "Tunabonyeza tu. Sijawahi kuusikia kwa mbuzi. Anao? Na kama anao, unaanza lini?"

"Vitabu vyangu havisemi kitu kimoja," Profesa akajibu polepole. "Kimoja kinasema upo. Kingine kinasema ni gegedu tu. Huenda huyu alitazama mbuzi mzee na yule alitazama mbuzi mdogo. Lini, sijui." Akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye meza yao. "Utajuaje umri wa mbuzi? Wachuuzi wanadanganya."

"Meno hayadanganyi. Nikichukua moyo nachukua na kichwa. Nafungua mdomo nahesabu ya utoto yaliyobaki na ya ukubwa yaliyoota."

"Na mfupa utaupataje? Ukichemsha?"

"Akichemsha sana gegedu linayeyuka," Ndoo akadakia kutoka kwenye sinki, bado amenuna. "Atabaki na mchuzi."

"Basi nitakata vipande vyembamba," akasema Mama Muhuri. "Polepole."

"Polepole!" Ndoo akasema. "Tumeona."

Profesa alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja, akaufuta, akaandika tena, akampa. *Mfupa wa moyo wa mbuzi huanza akiwa na umri gani, ukilinganisha na wa kondoo?* Mama Muhuri aliusoma mara nyingi. Uliingia kwenye beseni.

"Ila mama," Profesa akasema, "mbuzi wa kila umri hawapatikani kwa mkupuo. Wachanga wana msimu wao, wazee wanakuja wakitaka. Hili halitaisha muhula ujao, wala unaofuata. Mataya bado yako stoo. Sikulazimishi."

Jioni ile alimpigia dada yake. Alieleza yote, mataya na moyo, muda wa hili na muda wa lile.

"Kwa hiyo," dada yake akasema mwishowe, "kuna la kukurudisha kwa mwanao mapema, na kuna la moyo wa mbuzi. Na unanipigia kuniuliza?"

"Sikuulizi, dada. Nakuambia kabla sijachagua."

"Ulishachagua. Nakujua mimi. Ulipokuwa mdogo ulipasua saa ya baba uone inapolia." Akashusha pumzi. "Kulea nitalea, huyu ni mwanangu, sihesabu. Lakini jana nimemkuta kalala na gauni lako, lile la maua. Kalikunja kama mto. Nakuambia na wewe ujue, usije kusema nilikuficha."

Mama Muhuri alikaa kitandani. Mlangoni sweta lilikuwa limetulia na kiwiko chake kilichofumuka. Hakuwahi kufikiri kwamba na huko kuna mtu kaiba nguo.

"Basi nichukue mataya?" akauliza.

"Ukija na mataya utakuwa hapa," dada yake akasema. "Halafu utakaa kwenye ngazi unatazama ukutani kama ulivyokuwa unatazama ukitoka machinjioni. Mtoto atakuwa na mama anayetazama ukuta. Mimi sijui, mdogo wangu. Mimi nimesoma kufua. Ila chochote utakachochagua, utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii."

Alimwambia mwenyewe, Jumapili, baada ya kulala na hilo neno na kuamka nalo. Alimweleza kwamba kuna mbuzi, na ndani ya moyo wa mbuzi huenda kuna mfupa mdogo, na hakuna anayejua unaanza lini, na mama anataka kujua. Kwa hiyo mama atakawia kuliko alivyosema. Atakuja likizo, kila likizo, lakini atarudi tena chuo.

Kisha mtoto akauliza, "Kwani mbuzi wangapi?"

"Wengi, mwanangu."

"Si uwaambie wafanye haraka?"

"Nitawaambia."

"Na mimi ninao?"

"Nini?"

"Mfupa. Moyoni."

"Hapana, mwanangu. Wewe huna."

"Basi wangu ni laini," mtoto akasema, wala hakusema kwa kulalamika, akampa mama mkubwa simu akaenda kucheza.

Jopo likakaa mwisho wa muhula. Walimu walijipanga upande mmoja wa meza ndefu, chupa za maji mbele yao, na Mama Muhuri upande mwingine amevaa koti lenye doa lake. Alisoma swali lake lile la mstari mmoja. Wakamuuliza habari za meno, za vipande, za kondoo. Mmoja, mwenye tai, akauliza mbona asichukue kazi iliyo tayari, apunguze muda.

"Ile ya tayari najua mwisho wake, mheshimiwa," Mama Muhuri akajibu. "Hii sijui."

"Na muda?"

"Muda unaniuma," akasema.

Profesa alikuwa anafuta miwani yake, anaifuta tu. Wakamtoa nje. Alisimama kwenye korido akitazama mifupa ya punda kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, ule ubavu wa mti, mpaka Ndoo akaja na buti zake. Hakusema hongera. Alisema, "Wamekubali. Nimeshakuwekea ndoo mpya, imeandikwa jina lako. Kisu chako nitakificha."

Alitoka nje kwenye jua akapiga simu. Alipokea mtoto mwenyewe.

"Mama! Shikamoo, mama. Sisi tumeshamaliza silabi, sasa tunasoma sentensi."

Mama Muhuri alifungua mdomo kumpa habari, akaufunga. Alibana simu sikioni, akaziba sikio lingine kwa kidole. Sauti ilikuwa safi. Haikuwa na upepo popote.

"Marahaba. Hebu sema tena sentensi."

"Sentensi."

"Filimbi iko wapi?"

"Haipo. Jino limeota. Kubwa! Lina meno meno pembeni kama msumeno."

"Limeota lini?"

Mtoto akafikiri. Kwa mbali ilisikika sauti ya dada yake, sufuria, maji yakimwagwa, nyumba nzima ikiendelea na kazi zake.

"Sijui, mama," akasema. "Halikuwepo, halafu likawepo."